Fungu la Mgeni Ndani ya Telefone

Mwaka nilioanza kazi hii ni ule tulikula tomsoni. Wa Uvira wote wanaukumbuka. Ndagala, dagaa za ziwa letu, zilikuwa zimepanda bei mpaka mtu akizipitia sokoni anageuza uso kama amekutana na mke mwenza. Ziwa liko palepale, linapiga mawe ya Kalundu asubuhi na jioni, na sisi watoto wa ziwa tunakula samaki ya barafu iliyotoka bahari ambayo hakuna mtu wa kwetu ameiona. Tomsoni ina harufu inayokaa mu nyumba kama mtu asiyejua kuaga. Kichwa chake hakuna anayekitaka, na maji yake ukiyamwaga uani, nzi wanaalikana. Mwaka ule takataka zote za mji zilinuka tomsoni, na minye, mimi huyu, ndiye nilikuwa nazikokota.

Nawaandikia ninyi mnaobaki pale biro, ile ofisi yetu. Bwana Faustin, chefu wetu, mkubwa wa kazi, aliniomba niandike kazi ilivyoanza, kwa sababu anasema wageni wa kazi wanafikiri site yetu ya telefone iliota yenyewe kama lengalenga. Juu ya mshahara na vyeo sitaandika. Mshahara uliliwa, na cheo hakikunichotea maji hata siku moja. Shule yangu ilikomea mwaka wa tatu wa primeri, nikatoka kwenda kulea wadogo zangu. Kwa hiyo mtasoma vile ninavyosema.

Mbele ya telefone kuja kulikuwa pusupusu, ile gari ya mkono. Tulikuwa wamama wa kartye, wa mtaa mmoja, tunazunguka parseli kwa parseli, ua kwa ua, tunapakia takataka na kuzipeleka mbali. Pasipo sisi watu walizitupa mu korongo. Mvua ikinyesha kule juu milimani, Kalimabenge, mto wetu, inashuka nazo zote na kuzirudisha mu nyumba za wenyewe, pamoja na matope na kiatu cha mtu usiyemjua. Faustin ndiye alikuwa anaongoza ushirika wetu. Siku moja akaniambia, "Mama Mwavita, kesho usivae buti. Kuja biro."

Nilijua wananifukuza. Nikavaa kikwembe cha kanisa, maana mtu akifukuzwa afukuzwe akiwa msafi.

Pale biro nikakuta msichana mwembamba na ordinateri, ile kompyuta, juu ya magoti. Jina lake Solange. Alikuwa amesoma informatiki Bukavu na ameshuka Uvira kwa kazi hiyo. Akanipa kiti chake, yeye akakaa juu ya ndoo. Hapo nikampenda, ingawa sikumwambia mpaka miaka ikapita.

"Koko," akaniambia, maana wajukuu ndivyo wanatuita bibi zao kwetu, "tunataka kutengeneza site. Mama atafungua telefone, ataona picha za vitu vinavyobaki mu jikoni. Akigusa picha, itamwambia afanye nini na kile kitu mbele ya kukitupa. Na kama kuna jirani anayekitaka, itamwonyesha."

"Na telefone itajua aje maganda yangu?"

"Haijui. Njo maana tumekuita."

Kazi yangu ikawa hiyo: kuingia mu nyumba za watu, kuona kinachobaki, kurudi kumweleza Solange. Kisha kurudi kwa wale wale wamama na telefone mkononi, kuwaonyesha.

Siku ya kwanza kioo kilinikataa. Nagusa, kimya. Nagusa tena, kimya. Vidole vyangu viliota ngozi ngumu kwa mpini wa pusupusu, na kile kioo kinataka ngozi laini. Solange akanishika mkono, akajaribu kidole kimoja kimoja, mpaka kile cha mwisho kabisa, ambacho hakijawahi kufanya kazi ya maana. Kikakubali. Mpaka leo nagusa telefone kwa kidole hicho, kama mtu anayeonja mboga ya wenyewe.

Picha za kwanza alizitoa huko ndani ya interneti. Kulikuwa na pubeli, pipa la takataka, yenye kifuniko cha kukanyaga kwa mguu, na tunda jekundu limeng'atwa.

"Hii ni nini?"

"Pome, koko."

"Nani wa Kalundu ameng'ata hiyo akaiacha?"

Akacheka, akaifuta. Tukaenda sokoni na mu parseli, tukapiga picha zetu: maganda ya mihogo, vijiti vigumu vya sombe, yale majani ya mihogo, majivu ya babula tunayopikia, kichwa cha tomsoni, na bugali ililala, ile iliyobaki jana na kuwa ngumu kama sabuni. Lakini niseme pia alivyonishinda. Nilimkataza asiweke picha ya chupa, nikamwambia hapa Uvira hakuna mjinga wa kutupa chupa. Akaiweka kimya kimya. Ikawa ndiyo picha inayoguswa kuliko zote, maana wamama wa juisi walikuwa wanazitafuta chupa kila mahali, na wenye chupa hawakujua wamama wa juisi wako wapi. Kwa hiyo msiamini kila kitu bibi anasema. Amini nusu, ile nyingine nenda ukaone.

Sauti ndani ya telefone ni yangu, maana wamama wengi hawasomi, ama wanasoma na hawana wakati. Tuliirekodi pale biro, madirisha yamefungwa, jasho linatiririka. Ukigusa picha ya majivu utasikia jogoo nyuma yangu. Alikuwa wa mlinzi. Solange alitaka turudilie, wamama wakakataa. "Iache," wakasema, "hivyo tunajua ni nyumba ya mtu."

Aliyenifundisha kazi yenyewe hakuwa wa biro. Ni Mama Adela wa Kalundu, mfuga nguruwe, mkubwa kwangu, mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulio mbali. Yeye alikuwa anakusanya mabaki ya majiko miaka mingi kwa ajili ya nguruwe wake, mbele ya neno proje, yaani mradi, kufika kwetu. Alinipeleka naye, akanifundisha vile mtu anaingia mu nyumba ya mwenzake.

"Pita upande wa jikoni," alisema. "Mlango wa mbele ni wa polisi na wa pasta. Usiseme kilichokuleta. Uliza miguu yake iko aje, mvua iko aje. Na macho yako yasiingie mu sufuria iliyo motoni. Anayechungulia sufuria ya mwenzake iko na njaa ama iko mpelelezi."

"Sasa nitaona aje kinachobaki?"

"Chukua kisu, menya naye mihogo. Mikono ikiwa na kazi, kinywa kinafunguka chenyewe."

Tangu siku ile kisu changu kidogo kilikaa mu mfuko pamoja na telefone. Nyakati zingine betri iliisha. Kisu hakikuisha. Ninyi wapya mnabeba betri ya akiba, na ni vizuri, lakini sijaona hata mmoja wenu na kisu.

Sasa nifike kwenye lile jambo lililotaka kutuua.

Kitu kilichotupwa kuliko vyote kilikuwa bugali. Solange akafikiri vizuri: tusingoje mpaka ibaki, tumsaidie mama mbele ya kupika. Mama aseme watu wangapi watakula, telefone imwambie apime unga kiasi gani. Alifanya hesabu, akazijaribu biro, zikatoka sawa. Sisi wenyewe tulikula ile bugali ya hesabu na haikubaki hata kidonge. Basi swali la kwanza kabisa kwenye telefone likawa: "Mko watu wangapi mu nyumba?" Faustin akaniambia niende nalo mu parseli zangu.

Nikamrudishia telefone juu ya meza. Nikamwambia, "Batu ba mu nyumba minye sihesabu. Uliza kingine."

"Mama Mwavita, ni swali tu."

"Ni swali la nani?"

"La ordinateri."

"Basi aende mwenyewe, akamenye mihogo na Mama Adela."

Ninyi vijana wengine mmekulia mbali, kwa hiyo nieleze. Kwetu mtoto hahesabiwi kwa sauti. Sisi wa kando ya ziwa hatuhesabu, na wale wa milima ya juu wenye ng'ombe hawahesabu mbele ya mtu, si watoto, si ng'ombe. Ukitaja wako wangapi, umeshaonyesha balaa pa kupunguzia. Pasta wetu anasema huo ni ushamba. Lakini mwulize yeye mwenyewe ana watoto wangapi, atakujibu, "Tuko wale Bwana alitupa." Na kuna hili lingine. Kila mara mtu alisimama kwenye mlango wetu kutuhesabu, ilikuwa ni wakati mubaya: tumekimbia, ama maji ya korongo yamechukua nyumba, ama ugonjwa wa kuhara umeingia kartye. Hakuna aliyekuja kutuhesabu juu ya harusi. Mu nyumba yangu pia, kuna mwaka walikuja kutuhesabu, na jibu tulilotoa halikuwa lile la mwaka uliotangulia. Hapo inatosha.

Faustin si mtu mubaya. Alikuwa amebanwa. Wale wa Bukavu waliokuwa wanatusaidia kwa pesa walisema watakuja kuangalia baada ya mvua, na walitaka kujua site imefikia watu wangapi. Wasipokuta watu waliohesabiwa, wanafunga. Solange anapanda gari na kurudi kwao, minye narudi kwa pusupusu na magoti haya, na maganda yanarudi mu korongo. Nikiuliza lile swali, wamama watanifungia milango. Nisipouliza, biro inafungwa. Nilikuwa nimesimama hapo katikati, na hakuna kiti.

Akatuma vijana wawili badala yangu. Wakarudi na majibu ambayo Kalundu inayacheka mpaka leo. Walimkuta Mama Adela anagawa uji.

"Mama, mko wangapi hapa?"

"Andika watatu."

"Lakini mama, tunaona watoto mingi."

"Hao ni ba jua. Jua likizama, banaisha."

Kwa mwingine wakaulizwa kama wanataka hesabu pamoja na kuku ama bila kuku. Telefone ikamwambia Mama Adela apike bugali ya watu watatu. Akaipika, akaibeba mpaka kwenye bomba la maji kuonyesha wenzake. "Muone, telefone inataka nikonde."

Tulicheka, na kama ingeishia kwa kicheko ningenyamaza. Haikuishia hapo.

Kwenye avenyu yetu kulikuwa na bibi arusi mpya, Neema. Alifika shule mpaka juu, telefone aliipenda. Yeye alijibu swali bila taabu: wako wawili, yeye na bwana yake. Akapima unga vile alivyoambiwa, wakala, sufuria ikarudi safi. Akanikuta kwenye bomba, uso unang'aa. "Koko, sitatupa tena bugali." Nikafurahi naye.

Kumbe Jumamosi baba mkwe wake alikuwa anashuka kutoka Lemera. Kwetu mzazi hatumi neno kwamba anakuja. Anakuja. Alifika adhuhuri na mfuko wa maharagi begani, vumbi mpaka kwenye nyusi, wakati wao wawili wametoka tu kula na kunawa mikono. Mzee akakaa, akavua kofia, akangoja. Neema akaenda jikoni, akafunua sufuria. Nyeupe.

Mnajua vile kwetu inafanyika, na kama hamjui, mama zenu waliwaficha. Mbele ya sahani yoyote kujazwa, mama anakata fungu moja la bugali, analiweka pembeni, analifunika. Hilo ni fungu la mgeni. Haliko la mtu yeyote aliye ndani. Mgeni asipokuja, asubuhi watoto wanalila na chai. Lakini linakatwa kila siku, hata mwaka wa tomsoni. Neema aliona telefone haikulitaja, akafikiri zama hizi haliko tena.

Akabandika maji upya. Mzee akasikia unga unachotwa. Akavaa kofia yake, akasimama. "Nyumba hii haimngojei mtu," akasema. Akaacha maharagi mlangoni na kwenda kukaa kwa ndugu yake, kule chini karibu na kanisa, na ikasikika kwamba ataita kikao cha ukoo juu ya huyu binti asiye na fungu.

Bwana ya Neema alikuja kwangu, hakukaa. "Telefone yako njo imetuharibia nyumba." Jioni ile tayari ilikuwa imepata jina avenyu nzima: telefone ya njaa. Siku zilizofuata, wamama walioniitaga jikoni walinisalimia wakiwa wamesimama katikati ya mlango, wameshika pande zote mbili. Nikawaambia Faustin na Solange: haya, sasa milango imefungwa hata bila minye kuuliza.

Faustin alishika kichwa. Solange hakushika kichwa. Alisema, "Twende kwa mzee."

Tukaenda watatu: Solange, minye, na Mama Adela aliyebeba sahani iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe. Neema alitufuata nyuma, macho chini. Mzee Byamungu, ndivyo anaitwa, alikuwa amekaa uani kwa ndugu yake, anatengeneza kamba ya mbuzi. Hakusimama.

"Weye njo wa telefone?" akaniuliza.

"Njo minye, baba."

"Telefone yako iko na wazazi?"

"Haina."

"Inaonekana."

Mama Adela akakohoa kuficha kicheko. Solange akapiga goti mu vumbi na suruali yake ya Bukavu. "Baba, Neema hana kosa. Ni minye niliitengeneza. Nilisahau mgeni."

"Weye wa wapi?"

"Bukavu."

"Bukavu hakuna wageni?"

"Wako, baba. Mama yangu anawawekea kila siku."

"Basi ulijua."

"Nilijua mu nyumba. Mu ordinateri sikukumbuka."

Mzee akavuta kamba yake, akakaza fundo, akalifungua, akalikaza tena. Kisha akaomba maji ya kunawa. Wenye kujua wanajua: mtu akiomba maji ya kunawa, kikao cha ukoo kimeisha. Neema ndiye alimmiminia. Mzee alikula fungu lote mu ile sahani ya Mama Adela, na kichwa cha tomsoni, kile tulichokuwa tunakitupa kila mahali, alikinyonya mpaka mfupa ukawa mweupe. "Lemera hatuna hii," akasema. "Ni mubaya, lakini si mubaya sana."

Tulirudi kwa Neema kuosha vyombo. Tulipomaliza, sufuria zililala juu ya kichanja, migongo juani, kubwa na ndogo. Solange akasimama anaziangalia mpaka nikafikiri jua limempiga.

"Koko," akasema, "mama yangu alipoolewa alipewa kasufuria kadogo. Tulivyozaliwa akanunua kubwa. Tulivyoanza kutoka, ile kubwa ikapanda juu ya kabati. Ile sufuria ilitujua sisi wote na haikutuhesabu hata siku moja."

Nikampinga. Nilimkumbusha mambo ya macho na sufuria za watu. Niliona amepata balaa jipya mbele ya lile la zamani kupoa.

"Hatutachungulia ndani," akasema. "Tutauliza tu, leo unapikia gani?"

Nikamgeukia Mama Adela anisaidie. Mama Adela alikuwa anajikuna mgongo kwa mwiko. "Sufuria hairogwi," akasema. "Iulize."

Ndivyo lile swali lilivyokufa. Mahali pake tukaweka picha za sufuria, kila moja imewekwa karibu na kitu ambacho kila mtu anakijua ukubwa wake, na kila moja na jina: ile ya kuku mmoja, ile ya Krismasi, ile ya matanga. Mama anagusa yake, telefone inampimia unga. Akimaliza kula inamuuliza, "Ilirudi na nini?" na yeye anagusa: safi, kidogo, nusu. Baada ya siku chache telefone inajua mkono wa mama huyo, inampunguzia unga pole pole bila kumsema. Na katikati ya kioo Solange akaweka picha ya sahani iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe, ileile ya Mama Adela. Fungu la mgeni. Unga wake unaongezwa juu, na telefone haiandiki kwamba umebakisha. Inangoja mpaka asubuhi, kisha sauti yangu inauliza, "Mgeni alikuja?" Ukijibu hapana, inakuonyesha vile utalikata na kulichoma juu ya babula kwa watoto, ama nguruwe wa nani wako karibu. Mama Adela akahakikisha kwamba nguruwe wa karibu ni wake.

Jikoni ya kwanza kuitumia ilikuwa ya Neema. Yeye mwenyewe alizunguka avenyu nzima na telefone yake kuonyesha kile kitambaa cheupe, na minye nyuma yake na kisu changu. Wamama walinirudisha jikoni. Hawakuomba msamaha. Walinisukumia tu mihogo ya kumenya.

Mvua zikaisha, wale wa Bukavu wakaja. Aliyewaongoza alikuwa mama mwenye miwani, mpole wa sauti, mgumu wa macho. Aliuliza moja kwa moja: watu wangapi? Faustin akaniangalia, kisha, na hili ninaliandika kwa heshima yake, akasema mwenyewe, "Madamu, hapa hatuhesabu watu. Tunauliza sufuria."

"Sufuria si mtu, bwana Faustin."

"Ndiyo, madamu. Njo maana inajibu."

Hakucheka. Alitaka kuona nyumba, na si ile tuliyoitayarisha, ambayo ilikuwa imefagiwa mpaka mawe yamejitokeza. Akaonyesha kidole upande mwingine wa avenyu, na kidole kikaangukia kwa Neema. Ilikuwa adhuhuri, wamemaliza kula. Tukapita upande wa jikoni. Neema hakuambiwa kitu na mtu yeyote. Aliona mgeni, akaleta maji ya kunawa, akaleta sahani, akafunua kitambaa. Bugali na tomsoni, bado vina joto.

Yule mama alikaa, akala. Alikula vizuri, kwa mkono. Katikati akasimamisha mkono, akauliza, "Hii ilikuwa ya nani?"

"Yako," Neema akasema.

"Mlijua nitakuja?"

"Hapana, mama."

Akaendelea kula mpaka sahani ikaisha. Akanawa. Ndipo akamuomba Neema amwonyeshe ile telefone, na wakakaa wawili juu ya benchi la jikoni wakigusa sufuria moja moja, mpaka dereva wake akaanza kupiga honi. Pale gari akamwambia Faustin kwamba tuendelee kwa majaribio. Hakukubali, lakini hakukataa. Nimeona proje nyingi zikizeeka vizuri juu ya neno hilo.

Miaka iliyofuata ni kazi tu, na kazi nzuri haina hadithi ndefu. Tulipanda mpaka Luberizi, kwenye mashamba ya mpunga, na kule swali letu la "ilirudi na nini" lilishindwa, maana ule wali ulioungua chini ya sufuria watoto wanaupigania, na mama akisema sufuria ilirudi na kitu wanamwita mwongo. Kamanyola, karibu na mipaka, tulikutana na nyanya zinazooza kwa makatoni, na picha ya nyanya iliyokauka juani ikasaidia wachuuzi. Wenzetu wa milima walituambia maziwa hayabaki kamwe, yanageuka tu, tukafuta picha ya maziwa. Sashe, mifuko ya nailoni, ilitushinda. Telefone inasema uoshe utumie tena, na watu wanaosha, wanatumia, kisha wanatupa. Huo ni mzigo wenu sasa. Lakini mvua ikinyesha leo nasimama mlangoni na kuangalia korongo. Maji yanaleta mawe, matope, sashe. Maganda, karibu hakuna. Yako ndani ya nguruwe na ndani ya bustani za lengalenga. Mara nyingi ninapika chai na kukaa kuyaangalia yale maji, na nafurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Magoti ndiyo yamesema basi. Telefone yangu nimempa Ange, msichana aliyechukua nafasi yangu, pamoja na kisu. Alikipokea kama mtu anayepewa panya, lakini juzi nimesikia amemenya.

Siku ya kuniaga walifanya mu parseli yangu, maana biro isingetosha. Mama Adela alileta nguruwe, akiwa hai, kisha akiwa na ndizi. Neema alikuja na mtoto mgongoni. Mzee Byamungu alituma maharagi na salamu kwa "ile telefone isiyo na wazazi". Na wajukuu wangu walijaa uani: yule anayesomea unganga wa hospitali kule Lemera, yule anayeshona nguo za nusu ya kanisa letu, yule anayeigiza sauti yangu ya telefone pamoja na jogoo wake mpaka wamama wanageuka kutafuta kuku, na wale wadogo waliopanda juu ya pusupusu yangu ya zamani, mmoja amevaa buti zangu zinamfika kwenye mapaja. Niliwaangalia wote. Sijawahi kuwa na kitu kizuri kama kile.

Solange, ambaye sasa ni mama na ananena Kiswahili cha Kalundu vizuri kuliko minye, alinipiga picha ya kuweka kwenye site. Ange alikaa na ordinateri juu ya magoti, vidole tayari.

"Koko, chini ya picha tunaandika, Mama Mwavita, bibi wa wajukuu..." Akainua macho. "Wako wangapi?"

Faustin alishaanza kucheka. Solange akamgusa Ange begani kumzuia, lakini amechelewa.

"Batu ba mu nyumba minye sihesabu. Uliza kingine."